Sentimita Sitini na Tano

Kabati la tano nalo alilipima, akatikisa kichwa.

Hakuwa na futi ya chuma kama ya maseremala. Alikuwa na ile laini ya fundi cherehani, inayoning'inia shingoni, na juu yake amechomeka pini yenye kichwa chekundu kwenye namba sitini na tano. Kila alipopima, kidole gumba chake kiliishia kuitafuta ile pini.

"Mama, leo bosi wetu ni hiyo pini," muuzaji alitania. "Kabati lisipomridhisha, tunaliacha."

"Ni upana wa kiti cha mume wangu," mwanamke akajibu. "Kiti cha magurudumu."

Muuzaji aliona haya, akaacha kucheka.

Mwanamke akamweleza kwa sauti ya chini. Sebule yao ni ndogo. Kochi liko upande huu, kabati la televisheni litakaa upande ule, na katikati ndiyo njia pekee ya kutoka chumbani hadi mlango wa nje. Kutoka ukutani mpaka kwenye kochi ni sentimita mia na kumi, basi. Kwa sasa televisheni imekaa juu ya stuli. Kila siku saa kumi alasiri mumewe hupita hapo kwenda kwa jirani kucheza drafti.

"Ndiyo raha pekee iliyombakia tangu ajali," alisema. "Asipopita hapo, hana pengine pa kupita."

Muuzaji akachomoa kalamu, akaanza kukokotoa kwenye kiganja. "Hili lina kina cha thelathini na tano. Zinabaki sabini na tano. Mzee atapita kama yuko barabara kuu."

Futi ikanyooshwa, gumba likatafuta pini. "Hapana."

"Hili la arobaini? Bado anapita."

"Hapana, kaka."

"Basi nikufungie rafu ukutani. Chini panabaki peupe kabisa."

"Ya ukutani sitaki."

"Au hili lenye magurudumu. Unalisogeza kwa kidole kimoja."

"Ndiyo ubaya wake," mwanamke alisema. "Sitaki mambo ya huenda. Siku hizi ninatoka, ninashona kwenye karakana. Nataka nikiwa kazini moyo wangu utulie."

Muuzaji akairudisha kalamu mfukoni. "Laiti mke wangu angekuwa na nusu ya huruma yako! Mimi nikiumwa mafua tu, ananiambia nijichemshie chai mwenyewe."

Mwanamke akatabasamu kidogo, huku akiikunja futi na kuikunjua. "Na yeye alinijali. Alikuwa dereva wa lori. Akisafiri siku tatu, nne, anahakikisha unga upo, mafuta yapo, mlango umefungwa, maji yamejaa. Hiyo televisheni aliileta mwenyewe mwaka tuliooana. Akaniambia, 'Kaa ndani utulie. Dunia yote utaiona humu humu.'"

"Hayo ndiyo mapenzi, mama."

"Eeh."

Kwenye kona ya nyuma kulikuwa na kabati la rangi ya kahawa, lililokaa dukani mpaka likazoea vumbi. Mwanamke alilifuata peke yake. Akaweka futi juu yake, kutoka mbele hadi nyuma, mara moja, mara mbili, mara tatu. Muuzaji alikuwa amekwishachoka kukokotoa. Alichoona ni kwamba uso wa mteja wake umefunguka.

"Ni zito?"

"Wanaume watatu, na bado watatukanana njiani."

"Mtu aliyekaa, akilisukuma?"

"Hata alisukume kwa hasira, halitikisiki. Haliwezi kumwangukia, usiwe na wasiwasi."

"Basi ni hili."

Alipofika mlangoni alisimama, akatazama mtaa kushoto na kulia kama mgeni aliyetoka safari. "Sikujua kuna maduka mengi hivi huku."

"Unakaa mbali?"

"Mtaa wa pili hapo. Huu ni mwaka wa kumi na mmoja."

Muuzaji akadhani ni utani, akacheka.

Kesho yake mchana wabebaji watatu walileta kabati. Walitukanana kama ilivyoahidiwa, wakalisimamisha ukutani, wakaenda zao. Mumewe alikuwa chumbani, amelala. Mwanamke akaipandisha televisheni juu yake, akaunganisha waya, akafuta vumbi lote kwa kanga ya zamani mpaka mbao zikang'aa. Saa kumi kasoro dakika chache akavaa viatu.

Chumbani magurudumu yakaanza kulia. Mume akatokeza, amenyoa ndevu, boksi la kete liko mapajani. Kupitia dirishani zilisikika kete nyingine zikigongwa kwa jirani, na vicheko.

Kiti kilikuja mpaka kwenye kona ya kabati, kikagonga. Kikarudi nyuma, kikagonga tena. Mume akaweka viganja viwili kwenye mbao, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Umekosea vipimo, mke wangu," alisema, akijaribu kucheka. "Sipiti."

"Nilipima mara tatu."

Akamwondolea boksi la kete mapajani, taratibu, akamwekea rimoti.

"Kaa ndani utulie," akamwambia. "Dunia yote utaiona humu humu."

Kisha akatoka, akaufunga mlango kwa nje, na ufunguo akaondoka nao.