Tafsiri ya Kipupwe

Mwezi uliopita yule msichana wa ufukweni alikuwa dada wa bwana mwenye baiskeli. Safari hii, filamu ileile, akawa shangazi yake.

"Mzee Vitalis," Joakim aliita kutoka benchi la nyuma, "huyu binti kazeeka lini?"

Ukumbi wa parokia ya Mapera ukacheka. Vitalis, aliyesimama kando ya televisheni na kipaza sauti akitafsiri, hakutetereka. "Ukoo wa Kifaransa ni mgumu, mdogo wangu. Tazama tu."

Filamu zilikuwa nne, za mwongozaji mmoja Mfaransa, kila moja na majira yake ya mwaka. Padri mmoja mzungu aliziacha alipostaafu na kurudi kwao. Hazina ngumi wala bunduki. Watu wanakula, wanatembea, wanaongea mpaka chai inapoa. Vitalis alisema Kifaransa alikiokota alipokuwa akiendesha malori ya Lubumbashi. Ukweli ni kwamba huko aliokota "bonjuu" na malaria.

Kila alichotafsiri kilimlenga Asteria, mjane wa Lituhi aliyekuwa akipanda kutoka ziwani kila Jumamosi kuuza usipa, dagaa wa huko. Katika filamu ya mavuno, watu wakichuma tufaha, bwana mmoja alimwambia mama mmoja: "Hata milimani kuna joto, ukimpata wa kuota naye moto." Asteria akafuta machozi kwa kanga.

Vitalis alipomposa, Asteria alijibu, "Ngoja kwanza nione hiyo ya kipupwe. Nikijua mapenzi yanavyostahimili baridi, nitakwambia."

Joakim, ambaye naye siku hizi alinunua usipa mwingi kuliko alivyoweza kula, akapata dawa. "Paroko mpya katoka Kongo," alitangaza sokoni. "Huko Kifaransa wanakinyonya kwa mama zao. Jumamosi atakaa mbele, tusikie."

Jumamosi Padri Aidan alikaa mbele, karibu na Asteria. Theluji ikaanza kudondoka kwenye kioo. Bwana wa kwenye filamu alishaongea, na Vitalis akamtupia padri jicho. Lakini maji alishayavulia nguo.

"Anasema," alianza, "'Mimi si kijana, na meno mengine niliyaacha Tunduma. Ila nyumba yangu haivuji, kuni zipo, na chai nachemsha mwenyewe.'"

Padri akaitikia kwa kichwa, taratibu. Filamu ilipokaribia mwisho alitoa leso.

Taa zilipowaka, Joakim alisimama. "Baba Paroko, wewe ndiye hakimu wetu. Kwa tafsiri hii, unasemaje?"

Padri Aidan akamtazama Vitalis, akamtazama Asteria. "Kila neno limeniingia," alisema. "Sijapata kusikia tafsiri kama hii."

Joakim akakaa. Asteria akasimama, ungo mtupu kwapani. "Basi tutangazie ndoa, Baba. Na hizo kuni ziwe kavu."

Nje, Vitalis alimkimbilia padri, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Baba, leo umeniokoa. Mungu akuzidishie."

"Nimekuokoa na nini tena? Mimi ndiye nitakayekusumbua, mzee wangu. Nifundishe hicho Kifaransa. Kwetu Kongwa, kule Dodoma, tunaongea Kigogo tu."