Matawi Kwenye Kona

Matawi mabichi yalikuwa yamelazwa barabarani, rundo moja, halafu jingine mbele kidogo, halafu jingine karibu kabisa na kona.

Roger alikanyaga breki ya lori, akatoa kichwa dirishani. "Gari imekufa kule mbele. Hii ni alama ya bashofere, ya kuonya benzao."

"Ao ni bariere, kizuizi ya bezi," Marthe akamjibu kutoka nyuma, juu ya magunia.

"Bariere inakuwaka gogo, mama. Haya ni majani tu."

"Na bezi habana macho? Banashindwa kuiga majani yenu?"

Roger alirekebisha kofia ya kijeshi aliyoiokota Misisi. Aliivaa ili wenye bunduki wamwogope kidogo. Tangu vita ifike Fizi, kila mtu njiani alijifanya mtu mwingine.

Kati ya magunia ya muhogo, chini ya turubai, alilala Solange, binti wa Marthe. Uchungu ulimshika tangu jana na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Wakunga wa Lulimba walishindwa. Padri alijaribu kuita hospitali ya Baraka kwa phonie, ile redio ya misheni, lakini ilikoroma tu, hakuna aliyejibu. Ndipo Roger, ambaye hakuwa hata ndugu yao, akasema: "Mumupakie." Marthe alikuwa ameliweka neno hilo moyoni.

Sasa alipenyeza mkono chini ya turubai, akaushika mkono wa binti yake.

"Uma kitambaa, mama yangu. Usilie. Hata kidogo."

Mwanaume alitokea konani akipunga kitambaa chekundu. Alivaa koti la jeshi, miguu mitupu. Mkono wake mmoja ulifungwa bandeji nyeupe, safi. Marthe aliikazia macho bandeji ile. Nani alikuwa na bandeji mpya siku zile, kama si aliyepora dispensari?

"Polepole! Gari imeanguka kwa kona." Mwanaume aliiona kofia ya Roger, akarudi nyuma hatua moja. "Munatoka wapi?"

"Misisi," Marthe akadanganya haraka.

"Si Lulimba?"

"Misisi, baba. Nimekwisha kusema."

Macho ya yule mtu yalitembea juu ya magunia. "Kuko mama wa mimba humu?"

Marthe alijua wanaume wa makoti yale waliwatafutia nini wanawake.

"Hakuna. Ni muhogo tu."

Vidole vya Solange vilimbana mpaka mifupa ikauma. Mwanaume alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, akaitazama tena ile kofia, akaufumba.

Kisha aliinama, akaondoa jiwe mbele ya gurudumu, akatangulia kwa miguu, akimwonyesha Roger kwa mkono mzima pa kupita. Penye tawi lililoning'inia juu ya njia, alilishika lisimpige Marthe usoni. Marthe aliuona wema huo, akazidi kuogopa. Wabaya wengine huanza kwa adabu.

Baada ya kona, gari lilikuwa limelala ubavu mtaroni, limefunikwa majani juu mpaka chini, kama kitu cha wizi. Nyuma yake moshi ulipanda.

"Beko bengi," Marthe alinong'ona. "Roger, kanyaga mafuta!"

"Siwezi, mama. Nitaanguka na Solange."

Upepo ukayafunua majani. Chini yake ilionekana rangi nyeupe, halafu kipande cha msalaba mwekundu.

Kando ya moto, penye sufuria iliyochemka, alisimama mwanamke mwenye aproni nyeupe. Mikono yake ilichuruzika maji hadi viwikoni, na mbele yake vitambaa safi vilitandikwa juu ya machela. Alipaza sauti:

"Anatole! Ule mama wa mimba wa Lulimba, mwenye balituitia kwa phonie kule Baraka, si ye huyu?"

"Hapana, mama Félicité," mwenye bandeji akajibu. "Hawa banatoka Misisi."

Chini ya turubai, Solange alitema kitambaa.