Mgeni wa Tunu

Kila walipopanga chumba katika nchi nyingine, Mwanahawa alitangulia kuingia, ili binti yake Tunu apige hodi naye amkaribishe. Hata chumba kiwe kitupu, Tunu haingii bila kukaribishwa. Ndivyo bibi yake alivyomfunza.

Safari hii Mwanahawa alifungua mlango, akaona dirisha linalotazama ukuta, akajibwaga juu ya sanduku pale pale nje.

"Basi, mwanangu. Nimechoka na nchi za watu. Kesho tunarudi nyumbani."

Tunu alichukua mkoba wake, akampita mama yake, akaingia peke yake na kuurudisha mlango. Kiti kikasikika kikiburutwa.

"Tunu, fungua."

"Piga hodi kwanza. Mwenye nyumba ni mimi."

Mwanahawa alijizuia asicheke, akashindwa. "Hodi hodi!"

"Karibu! Karibu ndani, mgeni wangu. Za safari?"

Kiti kikaburutwa tena, mlango ukafunguka. Sakafuni palikuwa pametandikwa kanga, na juu yake chupa ya maji na biskuti moja iliyomegwa katikati. Ndala ndogo zilikuwa kando ya mlango, zimesogezwa ukutani kabisa kuacha nafasi ya viatu vingine.