Mrija wa Nne

Sasa huyu Sitati, mtu mpole sana ukimkuta asubuhi, alikuja kwa katekista Mama Truphena akiwa ameficha mrija wake wa pombe ndani ya koti. Ule mrija mrefu, wa kunywea na wazee wenzake kutoka chungu kimoja. Na kwa urefu wake ulitokeza juu ya kola, mji mzima ukauona.

"Shemeji, huu ni wa nne," Mama Truphena akasema, huku akichochea moto. "Mitatu nimeivunja humu humu jikoni, nawe ukaenda ukakata mingine."

"Najua, shemeji. Na mara zote niliapa."

"Na leo?"

"Leo siapi. Mke wangu ameshafunga nguo zake, anangoja jioni aone nitarudi vipi. Nimekuja tu Mungu anishike, maana kujishika mwenyewe nimeshindwa."

Mama Truphena akauvunja ule mrija, akautia motoni. Wala hakuomba sala ndefu. Alisema, "Bwana, huyu hapa," basi. Halafu akamsogezea ungo wa maharage. "Kaa hapo, unitolee mawe."

Sitati akakaa. Ng'ambo ya barabara wazee walikuwa wameshaanza kuimba kwenye chungu, na mmoja akamwita kwa jina, akamwita tena, kwa upendo kabisa. Sitati akageukia mlango, ungo ukainama, maharage yakamwagika chini. Akapiga magoti, akaanza kuyaokota moja moja.