Jina Juu ya Habari

Kanyiva, mwandishi wa sayansi, alisimama mbele ya mhariri wake mjini Wote, gazeti la asubuhi mkononi. Kwa miezi miwili alikuwa amechunguza maji ya kisima kipya kule Tseikuru, yenye floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa ya watoto. Sasa gazeti lilisema maji hayo ni baraka. Na juu ya habari, jina lake.

"Nani aliandika upuzi huu?"

"Tulirekebisha kidogo tu. Waliochimba kisima hutulipa kwa matangazo yao."

"Basi ondoeni jina langu!"

"Umeajiriwa hapa, Kanyiva. Jina lako ni letu."

Akaivua kadi ya kazi shingoni. Kamba ikanasa kwenye hereni. Akaivuta hivyo hivyo, sikio likatoka damu, akaitupa mezani.

"Kuanzia leo naandika kivyangu."

"Na nani atachapisha?"

Kanyiva alikuwa mlangoni tayari, simu sikioni, akimpigia mama mmoja wa Tseikuru ambaye watoto wake wote wana meno ya kahawia.

"Mama, ni Kanyiva. Yale ya gazeti si maneno yangu. Waite majirani. Nakuja kuwasomea niliyoandika."