Dosiye ya Mapishi

“Nani anafungia pilau kwa kufuli?” Mustafa aliuliza kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu dada yake Amisa akapasuka kicheko.

Hakikuwa kicheko cha raha. Ndani ya kompyuta ya nyumbani kaka alikuwa amekuta dosiye, yaani folda ya mafaili, iliyoitwa Mapishi, nayo haifunguki bila neno la siri. Harusi ya Amisa ilikuwa Jumamosi, na kaka alikuwa ameapa: barua za mwanaume mwingine zikionekana humo, anampigia simu baba wa bwana harusi na mambo yanaishia hapo.

Walitoka Gitega alfajiri, kompyuta imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Mafundi wa kwao wangesambaza habari mtaa wao wote wa Musinzira. Mustafa akachagua mji wa Muyinga, kwa Sefu, fundi asiyewajua. Mama yao, Zaituni, mjane tangu miaka kumi, naye akajitia garini na mtandio mpya kichwani.

“Mi iko na watu wa kusalimia,” alisema.

Sefu alichomoa diski akaiunganisha kwenye mashine yake. Neno la siri la kuingilia halikumsumbua hata kidogo. Picha za Idi, risala za msikiti, vyote vikamwagika. Ikabaki dosiye ile moja tu, Mapishi.

“Hii iko na kufuli yake,” alisema. “Ile ya kuingilia ni mlango tu. Diski ikitoka nje, mlango hauna kazi. Lakini hapa maandishi yenyewe yamevurugwa. Bila sentensi ya siri ya mwenyewe, hata mi nizeeke kwenye kiti hiki, haifunguki.”

“Alhamdulillahi,” mama alisema.

“Mama!”

“Nashukuru tumefika salama.”

Mustafa akamgeukia dada yake. “Amisa, we hata ugali unaunguza. Mapishi gani?”

“Wallahi si yangu, kaka! Muulize mama, yeye ndiye anaipanguza kompyuta vumbi kila siku, saa nzima. Kama kuna mtu ameigusa, angemwona.”

“Vumbi ya Musinzira ni nyingi,” mama alisema, akivuta tasbihi.

Chai ikaingia, imetumwa na Mzee Kassimu, mshona kanzu wa duka la jirani. Hakuna aliyeiagiza. Vikombe vitatu vilikuwa na sukari, kimoja hakina. Mama, ambaye daktari alimkataza sukari, akachukua chake bila kuuliza.

Mustafa akatoa simu. “Basi. Namwita baba wa bwana harusi.”

Kicheko cha Amisa kikageuka kilio.

“Weka hiyo simu chini,” mama alisema.

Akavaa miwani. Akavuta kiti, na kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, akaandika sentensi ndefu kama dua. Dosiye ikafunguka.

“Soma, mwanangu, ila kwa sauti ndogo,” alisema. “Mzee Kassimu iko hapo mlango wa pili, na iko na haya.”