Zamu ya Mwenzako

"Sasa ni zamu ya mwenzako," kompyuta ilisema, kisha ikanyamaza.

Kidole cha muuguzi Pulchérie, kilichochubuliwa na klorini ya kusafishia vyombo, kilibaki hewani juu ya kibodi. Somo lilitungwa kwa wauguzi wawili wanaojibu kwa zamu, lakini kituo cha afya cha Swima, kando ya Ziwa Tanganyika, kilibaki na yeye tu. Vita vilipofika, mwenzake alipanda mtumbwi wa kukimbilia rasi ya Ubwari, na hadi leo hakuna aliyemwona.

Mwalimu aliyetengeneza somo hilo alikaa pembeni, akitazama ni wapi linakwamisha watu, ili alirekebishe.

"Pole, mama," mwalimu alisema. "Nitaiondoa zamu hiyo, uendelee peke yako."

Pulchérie alikipangusa vumbi kiti cha pili, akakivuta karibu na meza.

"Iache vile iko, papa," alimwambia mwalimu. "Bengine bote balishaacha kumungoja. Hii mashini tu ndiyo ingali inamungoja."